Utafiti wa Wanafunzi Uanze na Maswali ya Mamba

(Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Mamba, Mkoa wa Katavi.)



Mmeniomba nizungumzie utafiti unaofanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu katika fani za teknolojia, usanifu na uhandisi, chini ya uongozi wa wahadhiri wao. Pengine wapo miongoni mwenu wanaojiuliza jambo hilo linatuhusu nini sisi tulio Mamba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mlimani, Dar es Salaam. Nia yangu ni kueleza kwamba linatuhusu sana, kwamba nusu ya kazi hiyo ni ya watu wa mahali kama hapa, na kwamba nusu hiyo bado inamsubiri mtu wa kuifanya.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kila mwanafunzi wa uhandisi katika vyuo vikuu vyetu hutakiwa, kabla hajahitimu, kufanya mradi wake mwenyewe. Huchagua tatizo moja, hulichunguza, hubuni njia ya kulitatua, hutengeneza chombo au hufanya majaribio, kisha huandika taarifa na kuitetea mbele ya wakubwa zake. Katika muda wote huo hukabidhiwa kwa mhadhiri mmoja, naye huwa ndiye msimamizi na mlezi wake. Wazee wetu waliufahamu utaratibu wa namna hii muda mrefu kabla ya vyuo vikuu. Mwanagenzi wa mhunzi hakufundishwa kufua chuma kwa kusomewa. Alishika mivukuto, akaunguza vidole, akaharibu jembe la kwanza na la pili, na fundi wake akiwa kando akimwonyesha alipokosea. Mradi wa mwanafunzi ni uanagenzi huo huo, isipokuwa mhunzi wa leo ana hesabu, vipimo na maabara.

Yafaa tukumbuke kwamba uanagenzi huo ni mgeni katika nchi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa mhandisi ilimbidi aende Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwaka huo huo likaanzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Yakafuata TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981. Kisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Leo tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, tuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na hapa hapa Mpimbwe tuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tangu mwaka 2019 taifa limekuwa na mashindano ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yanayowashirikisha wanafunzi wa vyuo na hata wabunifu wasiopita darasa lolote.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba nchi haina vyombo vya kazi hii. Jambo linalokosekana ni daraja kati ya vyombo hivyo na mahali panapotoka matatizo. Naomba nitoe mifano miwili, mmoja wa hapa nyumbani na mwingine wa jirani zetu, ili tuone daraja hilo linavyojengwa.

Swali la kijana wa Magamba

Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walikuwa wakichemsha maziwa, wakiyachanganya na sukari, wakiyaacha yapoe, ndipo wakiyatia katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, naye kwa kuchelea kuikosa akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia yakiwa baridi bado hayajaganda. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na akawa kichekesho; ikasemwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haimo katika fizikia ya ulimwengu.

Siku moja Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakusema kwamba anaamini. Aliahidi kwamba atalijaribu, na aliporudi chuoni alilijaribu kweli. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo aliona maji ya moto yakitangulia kuganda, akadhani jaribio limeharibika na kwamba yafaa lirudiwe mpaka litoe jibu linalotarajiwa. Likarudiwa, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 makala ikachapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza, ikiwa na majina mawili, na jina la Mpemba ndilo lililotangulia. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, akisomea usimamizi wa wanyamapori. Hata leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo. Mwaka 2016 wapo waliochapisha majaribio yao na kusema hawakuliona, lakini wote, wanaokubali na wanaokanusha, huliita kwa jina la kijana huyo wa Tanzania.

Ndugu zangu, nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kimebeba mambo matatu tunayoyahitaji. Kwanza, swali lilitoka katika kazi ya mikono ya kila siku. Pili, mlezi hakumpa kijana jibu. Alimpa heshima ya kulijaribu swali lake. Tatu, kazi ilipokwisha, mkubwa hakuimeza kazi ya mdogo. Mhadhiri aliye na sifa hizi ndiye mlezi. Asiyekuwa nazo ni karani wa kutia sahihi.

Mashine ya Blantyre

Mfano wa pili ni wa Malawi. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, madaktari walikuwa wakiwapoteza watoto wachanga wanaozaliwa kabla ya wakati, ambao mapafu yao hayana nguvu ya kupumua. Mashine ya kuwasaidia ilikuwapo duniani, ila bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa hospitali za nchi maskini. Swali hilo likawafikia wanafunzi wa shahada ya kwanza wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, chini ya walezi wao, Maprofesa Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden. Wanafunzi hao walitumia pampu za kawaida zinazosukuma hewa katika matangi ya samaki wa mapambo, na kielelezo cha kwanza wakakifungia katika sanduku la plastiki la kuwekea viatu.

Mtu angeweza kucheka sanduku la viatu, kama walivyocheka wale wa Mkwawa. Lakini kielelezo kilirudishwa Blantyre, kikakosolewa na wauguzi, kikaimarishwa, na hatimaye kikapimwa wodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliosaidiwa na chombo hicho walipona 71, wakati miongoni mwa waliopewa oksijeni kwa njia ya kawaida walipona 44. Mashine ile iliigharimu hospitali sehemu ndogo tu ya bei ya zile za kawaida. Hapa kwetu Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam nayo imeanzisha karakana ya usanifu kwa kushirikiana na chuo hicho, ambamo vijana wetu hubuni vifaa vya hospitali.

Naomba mzingatie ni nani aliyeianza kazi ile. Wanafunzi wa Marekani hawakuota ndotoni kwamba watoto wa Blantyre wanakosa pumzi. Waliambiwa na watu wa Blantyre. Muuguzi na daktari walikuwa na tatizo, wakalisema wazi, na wakakubali kukipokea chombo cha mwanafunzi na kukisahihisha. Bila wao, pampu za samaki zingebaki katika matangi ya samaki.

Maswali yaliyo miguuni petu

Je, Mamba tuna maswali ya namna hiyo? Nitataja mawili tu, nayo yanatosha kumshughulisha kijana na mlezi wake kwa mwaka mzima.

La kwanza ni la mpunga. Bonde hili la Rukwa linalima mpunga, na kila mkulima hapa ajua huzuni ya kupeleka gunia zuri mashineni na kurudi na chenga. Mnunuzi akiona chenga hushusha bei, na mkulima humlaumu mwenye mashine. Mwenye mashine naye husema mpunga wenyewe ulikuwa mbaya. Nani msema kweli? Wataalamu wanafahamu kwamba mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na hufaa kuhifadhiwa na kukobolewa ukifika kama asilimia 14. Ukianikwa haraka mno katika jua kali, au ukikauka kisha ukalowa umande na kukauka tena, punje hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na ikifika mashineni huvunjika. Kwa kawaida kilo 100 za mpunga safi zina maganda yapatayo kilo 20 na pumba kama kilo 10. Kilo 70 hivi zinazobaki ndizo mchele. Kama zote zitakuwa mchele mzima au nusu yake itakuwa chenga, hilo ni jambo la uanikaji na la mashine pia.

Sasa tazameni jinsi swali hilo linavyotosha kwa mradi wa mwanafunzi mmoja. Anunue mpunga wa mbegu moja, kutoka jaruba moja, uliovunwa siku moja. Augawe mafungu matatu. La kwanza alianike chini, kama tunavyofanya wengi. La pili alianike juu ya turubai, likiwa na unene wa sentimita mbili au tatu, akiligeuza kila nusu saa. La tatu aliweke juu ya turubai pia, lakini kwa unene wa kiganja, bila kuligeuza. Apime unyevu kwa kipimo kila baada ya muda na kuandika. Kisha mafungu yote yakobolewe katika mashine moja siku moja, na mchele mzima na chenga zipimwe mbali mbali kwa mizani. Arudie mara tatu, nne, tano. Baada ya hapo achukue fungu lililotoa matokeo bora akalikoboe katika mashine nyingine. Mwishoni ataweza kusema, kwa tarakimu, mkulima anapoteza kilo ngapi uwanjani na kilo ngapi mashineni. Gharama yake ni turubai, mizani, kipimo cha unyevu na nauli. Lakini ugomvi wa miaka mingi baina ya mkulima na mwenye mashine utakuwa umepata mwamuzi.

Hapo ndipo kazi ya mlezi inapoonekana. Kijana akiachiwa peke yake atasema anataka kubuni mashine mpya ya kukoboa, yenye injini mpya na jina lake ubavuni. Mlezi ndiye atakayemuuliza: unajuaje kwamba kosa liko katika mashine? Ndiye atakayemzuia kuleta mpunga wa majaruba mawili tofauti, maana hapo hatajua tofauti imeletwa na mbegu au na jua. Ndiye atakayemlazimisha kurudia jaribio lililokwisha kumpa jibu alilolitamani. Kulipunguza swali mpaka liweze kujibiwa ni utaalamu mkubwa, na haupatikani kitabuni. Hupatikana kwa kukaa na mtu aliyekwisha kukosea mara nyingi kabla yako.

La pili ni la maji. Mto Katuma hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ukaingia katika mbuga za Ziwa Chada, na maji yake huendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Kwa miaka mingi sasa maji ya Katuma wakati wa kiangazi yamepungua sana, na sababu moja iliyothibitishwa ni vizuizi na mifereji ya wakulima wa mpunga walioko juu ya mto. Wageni wanaofika hifadhini kiangazi huwakuta viboko wamerundikana katika matope. Serikali imewahi kuvibomoa vizuizi vilivyojengwa bila kibali, lakini kubomoa peke yake hakumpi mkulima wa juu chakula, wala hakumhakikishii wa chini maji. Kinachotakiwa ni kugawana, na watu hawawezi kugawana kitu wasichokipima.

Kupima maji ya mfereji si kazi ya kutisha. Ubao au bamba la chuma lenye mkato wa pembe tatu huwekwa kukatiza mfereji, maji yakapita katika mkato huo, na rula ikasimikwa kando yake kuonyesha kimo. Kwa kimo hicho huhesabiwa kiasi cha maji kinachopita. Walimu wa hisabati watapenda kujua kwamba katika mkato wa namna hiyo, kimo cha maji kikiongezeka mara mbili, maji yanayopita huongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana macho ya binadamu hudanganyika. Anayeona maji yamepanda kidogo tu kumbe anachukua sehemu kubwa ya mto. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji, akisaidiwa na fundi wa kuchomelea wa hapa hapa, aweza kutengeneza bamba la namna hiyo na lango la kufungulia maji. Kisha afanye jambo gumu zaidi, nalo ni kukaa na wakulima msimu mzima, kusoma rula asubuhi na jioni, na kuona kama watu wataliamini bamba lake au wataling'oa usiku. Maana usanifu si kuchora tu. Chombo kinachong'olewa usiku ni chombo kilichosanifiwa vibaya, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Kasoro zilizopo

Ikiwa maswali yapo na vyuo vipo, kwa nini hayakutani? Naziona sababu nne.

Ya kwanza ni kwamba mada nyingi hutoka vitabuni, au hutoka kwa mwanafunzi wa mwaka uliopita. Kijana hawezi kuchagua tatizo asilolijua, na anayesoma Dar es Salaam atayajua ya Dar es Salaam. Ya pili, walezi ni wachache na vijana ni wengi. Mhadhiri aliyegawiwa wanafunzi wengi kwa wakati mmoja hana nafasi ya kuwa fundi wa wanagenzi. Hubaki kusoma taarifa wiki ya mwisho. Ya tatu, taarifa yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa kwa jalada, hutolewa alama, kisha huwekwa rafuni. Mkulima aliyemwazima kijana mpunga wake hapati hata karatasi moja ya kumweleza kilichoonekana. Mwaka unaofuata huja kijana mwingine na swali lile lile, na mkulima humtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kukopwa bila kulipwa.

Ya nne inatuhusu sisi watumishi wa umma. Mwanafunzi hutumwa wilayani kwa mafunzo ya vitendo. Huripoti ofisini na barua yake, na kwa kuwa hakuna aliyejiandaa kumpokea, hupewa kazi ya kutoa nakala na kupeleka mafaili, huku mfereji uliobomoka ukiwa mwendo wa nusu saa kutoka ofisini. Wiki zake zikiisha hutiwa sahihi kitabu chake, akaondoka akiwa amejifunza uhandisi wa mashine ya fotokopi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni atamponyaje mwenyeji asiyemwambia anaumwa wapi?

Wapo wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi ni wachanga, na kwamba matatizo ya wananchi ni mazito mno kuwafanyia majaribio. Hoja hii ina uzito wake, na ndiyo sababu ya kuwapo mlezi. Hakuna anayependekeza kwamba kijana akabidhiwe daraja la barabara kuu. Anakabidhiwa swali dogo, lenye mipaka, ambalo akikosea hakuna atakayeumia, na akipatia wapo watakaonufaika.

Wapo watakaosema pia kwamba majaribio mengi hushindwa, na fedha hupotea. Ni kweli kwamba mengi hushindwa. Lakini turubai likionekana halina faida kuliko kuanika chini, hiyo nayo ni habari njema kwa mkulima aliyekuwa anataka kuuza mbuzi anunue turubai. Kosa kubwa ni kushindwa kusikoandikwa, kwa maana kutarudiwa na mwingine kwa gharama ile ile. Hapa vyuo vinapaswa kujitazama. Mwanafunzi akijua kwamba jaribio lililoshindwa litampunguzia alama, atajifunza kuzipamba tarakimu zake, naye atakuwa mhandisi wa kuzipamba tarakimu maisha yake yote. Siku atakayojenga daraja tutalipa deni hilo. Ni afadhali kumpa alama nzuri kijana aliyeshindwa kwa uaminifu na kueleza sababu, kuliko kumpa nishani aliyefaulu kwa kudanganya.

Na wapo wa mwisho, watakaosema kwamba teknolojia yote ipo tayari ng'ambo, tununue tu. Kununua si dhambi. Lakini mashine iliyobuniwa kwa ajili ya mpunga wa kwingine, umeme wa kwingine na fundi wa kwingine, ikiharibika Mamba hugeuka kuwa kibanda cha kuku. Asiyeweza kubuni hawezi hata kuchagua vizuri cha kununua.

Tufanye nini?

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Nyerere alizoea kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, huyo ni msaliti. Sisi tumezoea kuutumia mfano huo kumlaumu msomi. Leo naomba tuugeuze upande wa pili. Je, kijiji kilimweleza mtu huyo kwamba kinahitaji chakula gani? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalosubiri fungu la fedha kutoka juu.

Pendekezo la kwanza, kila kata iwe na Daftari la Maswali, na walimu wa sayansi ndio walitunze. Ndani yake liandikwe kila tatizo la kiufundi linaloletwa na mkulima, muuguzi, fundi au mfugaji, kwa maneno ya aliyelileta, pamoja na mahali, msimu na kipimo kama kipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maswali ni mali. Kila mwaka, kabla vyuo havijafunguliwa, nakala ipelekwe Kampasi ya Mizengo Pinda, Mbeya na Mlimani.

La pili, kila idara ya Halmashauri inayopokea wanafunzi iwe na mwenyeji mmoja anayejulikana kwa cheo chake, aliye na orodha ya kazi kabla mgeni hajafika. Mwenyeji huyo ndiye mlezi wa pili. Yule wa chuoni anajua njia za utafiti; huyu wa wilayani anajua mfereji uko wapi na ni mzee yupi wa kuombwa ruhusa.

La tatu, hakuna mradi uliofanyika kijijini uhesabiwe kwamba umekwisha mpaka mwanafunzi ameandika kurasa mbili za Kiswahili fasaha na kuzisoma mbele ya mkutano wa kijiji, mlezi wake akiwapo au akiwa ametuma neno. Vyuo viweke alama kwa ajili ya kazi hiyo. Kijana asiyeweza kumweleza mkulima kwa Kiswahili alichokiona katika mpunga wake, yafaa tuwe na shaka kama yeye mwenyewe amekielewa. Kurasa hizo zibaki katika shule ya kata, ili anayefuata aanzie pale mwenzake alipoishia.

La nne linawahusu walimu peke yao. Wahandisi wa kesho wamo sasa katika madarasa yenu. Mtoto akisimama na swali linalochekesha darasa, kumbukeni aiskrimu ya Magamba. Kama hamjui jibu, semeni hamjui, kisha mtafute jokofu. Kuuliza si ujinga, na mwalimu anayekiri kwamba hajui, kisha akaandamana na mwanafunzi kwenda kujaribu, amekwisha kuwa mlezi wa utafiti, hata kama maabara yake ni sufuria, saa ya mkononi na mizani ya dukani.

Ndugu zangu, Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 tu, na kwa miaka mingi kabla ya hapo Mpanda na vijiji vyake vilihesabiwa kuwa mwisho wa reli. Aliye mwisho wa reli huzoea kungoja kinacholetwa na behewa. Katika jambo hili la utafiti naomba tusingoje. Mpunga ni wetu, Kavuu ni yetu, na watoto wanaokwenda vyuoni ni wetu. Mvua zijazo zikianza, majaruba yatajaa na msimu utakwenda zake mpaka mavuno. Itapendeza kama siku ya kuanika mpunga huo kutakuwa na kijana mmoja uwanjani, mwenye kipimo cha unyevu mkononi na daftari kwapani, na mlezi wake akimpigia simu kumuuliza: je, umerudia?